Mzee wa Josho na Mwiko wa Nyama

Mikono yake ilinuka dawa ya kupe hata siku ya Jumapili. Kazi ya josho ilikuwa imekwisha miaka mingi, tanki lenyewe lilikauka na mbuzi walikuwa wakilala ndani yake, lakini ukimpa mkono kanisani ulirudi kwenye benchi ukinuka kama ng'ombe aliyetoka kuogeshwa. Akina mama walimsalimia kwa kuinamisha kichwa tu, kwa mbali. Mimi nilimpa mkono. Mimi ni mtu wa mifugo, na harufu ya ng'ombe ndiyo iliyonijenga.

Wacha nikwambie hili mapema, ndiyo ujue ni nani anayekuelezea. Shule niliachia darasa la tano. Nilianza na mbuzi mmoja aliyechechemea, nilimnunua Tseikuru kwa sababu hakuna mwingine aliyemtaka. Leo nina bucha tatu: moja Zombe, moja Kitui mjini, na nyingine Makueni kwenye barabara ya Mombasa, ambapo madereva wa malori hupita bucha za wenzangu wakija kwa mbavu zangu. Mbuzi nikimtazama tu akiwa amesimama nakutajia kilo zake, na mizani ikibisha, basi mizani ndiyo mbovu. Kwa hivyo nikikwambia kwamba niliogopa, kwamba niliogopa sahani ya chakula zaidi ya miaka miwili, ujue si mwoga anaongea.

Na aliyenitoa kwa woga huo, ama aliyenifundisha kuogopa vizuri, sijui niseme vipi, ni huyu mzee. Tulimwita Mzee wa Josho. Jina lake la kuzaliwa wengi wetu tulilisoma kwenye karatasi ya mazishi yake, na tulilisoma kama jina la mgeni.

Enzi ya josho, alikuwa akisimama kwenye ukingo wa tanki na fimbo yenye panda, na kila ng'ombe akiruka ndani alimsukuma kichwa kizame mara moja. Kabla ya hapo alimkagua. Alishika sikio, akaligeuza kwenye mwanga, kisha akazunguka nyuma akainua mkia. "Masikioni na chini ya mkia," alikuwa akisema. Alisema hivyo juu ya kila kitu. Mwanasiasa alikuja kugawa blanketi, Mzee akazipokea mbili na kutuambia, "Mwangalieni masikioni na chini ya mkia." Kijana mmoja alimleta mchumba wake kanisani kutambulishwa, na Mzee, ambaye alikuwa mzee wa kanisa na ameketi mbele kabisa, akasema maneno yaleyale kwa sauti. Mchungaji alimkalisha kando wiki tatu. Hakuelewa amekosa nini.

Suruali yake aliichomeka ndani ya soksi. Jua la Kitui unalijua, lakini yeye alivaa soksi ndefu za mpira wa miguu mpaka magotini, na juu yake amenyunyizia ile dawa. Hakuketi kwenye nyasi hata siku moja. Kwenye mazishi, sisi tukijilaza chini ya miti kungojea chakula, yeye alisimama kuanzia maombi mpaka udongo. Tulimcheka. "Mzee, kaa chini, kupe wote ulishawaua!" Naye anajibu, "Wale niliowaua si wale ninaowaogopa."

Kitu kingine ni mambo ya mizizi. Kanisani alikuwa wa kwanza kuomba dhidi ya waganga, tena kwa machozi. Nyumbani, nyuma ya jikoni, alikuwa na waya uliofungwa kutoka ukuta hadi mti wa muarobaini, na juu ya waya ameanika mizizi, magome, majani, kila aina na kifungu chake. Ukimuuliza anasema, "Huo si uganga. Hiyo ni miti." Geti la mbele alilifunga kwa mnyororo, eti yeye si daktari, watu waende hospitali. Wagonjwa walipitia nyuma, na nyuma hakukuwa na geti. Kila aliyekuja alimwambia kwanza aende hospitali, kisha akampa mzizi. Yeye mwenyewe hospitali hakwenda. Mtu aliyechoma ng'ombe sindano maisha yake yote alikuwa anatetemeka akiona sindano ya mtu.

Lakini kilichomfanya azungumzwe Zombe nzima ni nyama. Hakula. Kwetu, mwanamume anayekataa nyama ya mbuzi aliyechinjiwa wageni ni kama amemwambia mwenye boma, "Mimi nawe tuna neno." Huwezi kusema umeshiba. Utaulizwa umeshibia wapi. Mzee alikuja kwenye sherehe na kopo lake la muthokoi, akaketi kwenye kiti chake cha kukunja, akala mahindi yake huku sisi tukipitisha ini na mbavu. Wengine walisema alikula kithitu, kile kiapo chetu cha zamani, na masharti yake ni asionje nyama mpaka afe. Wengine, na hawa ndio walikuwa wengi, walisema ni kwa sababu ya mke wake. Kwamba zamani yule mama alimwekea kitu kwenye nyama, mzee akavimba akataka kufa, na ukoo wake ukamrudisha yule mama kwao Mbooni, upande wa Makueni, na tangu siku hiyo mzee hakuamini tena nyama ya mtu yeyote.

Siku moja nilimuuliza uso kwa uso. Mimi siogopi kuuliza. Alikuwa akiosha sufuria yake, moja tu, ingawa ukutani palikuwa na ya pili imening'inia, safi, haitumiki.

"Hiyo maneno iache ilale," akasema.

"Mzee, watu wanasema..."

"Nasikia wanasema. Nina masikio."

Hakumtetea mke wake, wala hakumshtaki. Mimi nikaondoka nikijua kwamba ni kweli.

Sasa Krismasi moja ndugu yangu mdogo, Musyoka, akatualika kwake. Mkewe, Mama Kioko, ndiye mpishi hodari wa ukoo wetu. Alikuwa na hoteli ndogo sokoni Zombe, chai na mandazi, watu wanapanga foleni. Tulikula saa saba mchana, na mimi nilikula kama mtu aliyelipa. Jua likielekea kuzama, niko nyumbani kwangu, viganja vikaanza kuwasha. Nikavikuna. Nyayo zikaanza. Tumbo likajikunja, ngozi ikatoka mabaka makubwa kama ramani, midomo ikanenepa mpaka sikuweza kutamka jina la mke wangu. Kisha koo. Nakwambia, nimewahi kukabwa na majambazi barabarani, lakini aliyekukaba ukimwona unajua pa kupiga. Hii unapiga wapi?

Mke wangu alinipeleka hospitali nikadungwa sindano, ikashuka. Akiwa ameketi kando ya kitanda akaniuliza, "Ulikula wapi?"

"Kwa Musyoka. Si tulikuwa pamoja?"

"Mimi nilikula kuku. Wewe nyama ya mbuzi nani alikupakulia?"

Tukatazamana. Hivyo tu. Hakuna aliyetaja jina, na hakuna aliyehitaji kulitaja.

Kufika mwezi wa pili nilikuwa nimevimba mara nne, na kila mara nilipofuatilia nyuma niliona mkono wa Mama Kioko: hapa tulipita hotelini kwake, pale mtoto wake alileta maziwa. Nikamwambia Musyoka asikanyage kwangu. Nilisema sokoni, na mimi nikisema sokoni watu husikia. Kabla ya mvua ya masika hoteli ya Mama Kioko ilikuwa imefungwa. Nani atakunywa chai ya mkono huo? Nilipita pale nikaona kufuli, na moyo wangu ukasema vizuri.

Nikaanza kutafuta dawa. Sikutaka vidonge, nilitaka kitu cha kung'oa. Huko Tseikuru kuna mama anayesifika kwa mizizi, nikamwendea na pikapu nzima ya zawadi. Na hapa nisikilize vizuri. Kwetu mzizi wa dawa hauchemshwi na maji matupu. Unachemshwa na supu, ya kichwa au ya miguu ya mbuzi, ndiyo uchungu upungue na nguvu ishuke kwenye mifupa. Baba yangu alikunywa hivyo, na babu. Vichwa nilivitoa mwenyewe kwenye bucha yangu, vya mbuzi wa daraja la kwanza. Nikanywa kikombe asubuhi. Saa nane mchana nikavimba kuliko Krismasi.

Nilimpigia yule mama simu, ulimi mzito mdomoni. Akafurahi. "Inapigana!" akasema. "Ndani yako kuna kitu, na dawa imekikuta. Ongeza kikombe."

Nikaongeza. Ndugu msomaji, nikaongeza vikombe viwili.

Safari hiyo nilizimia. Hospitali Kitui nilimkuta daktari kijana, kalamu tatu mfukoni, akaniuliza kama nimewahi kuumwa na kupe. Nikamwambia mimi ni mfanyabiashara wa mbuzi, aniulize kama nimewahi kuona jua. Ndiyo, kabla ya Krismasi nililala kwenye boma moja Tseikuru nikingojea mbuzi, nikang'oa kupe nyuma ya goti, pakawasha wiki tatu. Akasema hiyo ndiyo. Kwamba kuna kupe akikuuma mwili unaanza kuikataa nyama nyekundu, na haikatai papo hapo, inangoja saa tatu, nne, hata sita, ndiyo maana mtu hajui ni nini.

"Daktari," nikamwambia, "mimi nauza nyama."

"Uza. Usile tu."

Niliondoka nikicheka. Mtoto wa juzi aniambie mimi, mtu wa bucha tatu, kwamba nyama inaniua? Nyama ndiyo ilinilea. Lakini nilicheka mpaka kwenye pikapu tu. Ndani ya pikapu nilikaa nimeshika usukani, sikuwasha. Nilikuwa naogopa kurudi nyumbani kwa sababu ilikuwa karibu saa ya chakula.

Ndipo nikapitia nyuma kwa Mzee wa Josho.

Nilimkuta anageuza magome kwenye waya. Nilimweleza juu ya Mama Kioko, juu ya dawa inayopigana, juu ya daktari kijana aliyenikataza nyama nikamcheka. Hakunikatiza. Kisha akaniuliza maswali, akiwa amenipa mgongo.

"Ukila kuku?"

"Kuku haina shida."

"Samaki?"

"Mzee, nani anakula samaki Zombe?"

"Ukivimba, huwa umekula saa ngapi kabla?"

Nikafikiri. "Nne. Tano."

"Na kupe alikuuma wapi?"

Hapo nikashtuka, maana sikuwa nimemtajia kupe. Akanigeukia. Alinitazama kama alivyokuwa akimtazama ng'ombe aliyechelewa kuletwa.

Akashusha kifungu kimoja kwenye waya, mizizi myembamba ya kijivu. "Chemsha na maji. Nimesema maji, si supu. Ukiona hata tone la mafuta ya mbuzi kwa hiyo sufuria, mwaga, osha, anza tena. Na ukiwa kwa hii dawa, kitu cha miguu minne kisiingie mdomoni mwako. Mbuzi, ng'ombe, kondoo, nguruwe. Maziwa acha kwanza. Na kupe asikuguse tena. Vaa soksi."

"Kwa muda gani, Mzee?"

"Mpaka nikwambie."

Nilishika masharti kama mtu anayeshika kamba kisimani. Dawa ilikuwa chungu, nikaipenda kwa uchungu wake. Wiki ikapita, mwezi, mwaka. Sikuvimba hata mara moja. Nikaanza kumsifu Mzee kila mahali, Zombe, Kitui, mpaka madereva wa malori kule Makueni nikawaambia kuna mtu wetu ana mzizi unaong'oa sumu ya mkono wa mtu. Watu wakajaa kwake. Akaniita akiwa na hasira, mara yangu ya kwanza kumwona na hasira.

"Nani alikwambia nimeng'oa sumu?"

"Si nimepona, Mzee?"

"Mimi nimesema umepona?"

Alinifukuza, lakini nikiwa njiani akaniita tena akanipa kifungu kingine. Ndivyo alivyokuwa.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe. Ilikuwa mwaka wa pili wa mwiko unakwisha. Bucha yangu ya Zombe ilikuwa imeanza kusemwa: mwenyewe hali nyama yake, kwa nini sisi tule? Na mimi moyoni nilikuwa nimeshajipa cheti cha kupona. Saa nne asubuhi, soko limejaa, nikasimama mbele ya jiko langu la choma, nikamwambia mchomaji anikatie ubavu. Watu wakasogea. Nikala. Nikala wa pili. Wakapiga makofi, na mmoja akapaza sauti, "Simba amerudi!" Nikafunga mguu mzima wa mbuzi kwenye karatasi, nikaenda kumshukuru Mzee.

Alikuwa ameketi kwenye ukingo wa josho lake kavu, kwenye kiti cha kukunja, soksi magotini. Nikamwekea ule mguu mapajani. Akaufungua karatasi, akanusa.

"Umekula hii?"

"Nimekula, Mzee! Mbavu mbili. Mbele ya soko lote."

"Saa ngapi?"

"Saa nne. Mzee, dawa yako..."

"Sasa ni saa ngapi?"

"Saa saba kasoro."

Alisimama ghafla na ule mguu ukaanguka ndani ya tanki, mbuzi wakaruka. Hakuutazama. "Twende kituo cha afya," akasema. "Sasa. Usiendeshe wewe." Akamsimamisha kijana wa boda boda barabarani, tukapanda watatu, mzee katikati, ananinukia dawa ya kupe puani. Njiani nilikuwa bado nabisha. Naongea kwa sauti juu ya upepo kwamba sijisikii kitu, niko imara, mimi si mtu wa kuangushwa na mbavu mbili.

Kituo cha afya kilikuwa na foleni ya akina mama na watoto. Mzee akamwambia nesi jambo kwa sauti ya chini, nesi akanitazama, akasema tungoje kwenye benchi, karibu na mlango, nisiende popote. Tukaketi. Wateja wangu wawili walikuwa kwenye foleni hiyo. Mmoja akanipungia mkono.

"Ule mzizi ni wa nini, Mzee?" nikamuuliza.

"Wa kuharisha kwa ndama."

"Na mimi ulinitibu nini?"

"Sikukutibu. Nilikukataza nyama." Alikuwa akitazama saa yake. "Daktari alikwambia uache, ukamcheka. Ningekwambia uache nyama, ungeniacha mimi. Nikakupa kitu kichungu na masharti."

Nilitaka kukasirika, lakini hofu ilikuwa imeshakaa mahali pa hasira. Nikamuuliza alijuaje.

Akaongea akiutazama ukuta. "Mimi nimeumwa na kupe kuliko ng'ombe wa Zombe wote. Ile siku ya mke wangu, alichinja jogoo na pia akapika nyama ya mbuzi, maana alikuwa na furaha, sijui furaha ya nini, sikumuuliza. Nikala mbuzi. Nikavimba. Ukoo ukasema ni yeye. Nilikuwa sijui, nikanyamaza. Mwaka ukapita, daktari mmoja wa mifugo akanieleza mambo ya hii kupe. Sasa nikajua."

"Ukaenda Mbooni?"

"Niliona aibu. Nikasema nitaenda baada ya mavuno. Mavuno mengine nikasema hivyo hivyo. Nilipokwenda, nilionyeshwa mahali alipozikwa."

Nikakumbuka ile sufuria ya pili ukutani.

"Lete viganja," akasema.

Nikampa. Alikishika kiganja changu kama alivyokuwa akishika sikio la ng'ombe, akakigeuza kwenye mwanga wa mlango. Kilikuwa chekundu. Nilikuwa nimeanza kukikuna bila kujua.

"Ndugu yako ana simu?"

"Mzee, ngoja kwanza nidungwe."

"Koo likifunga utaongea na nini? Piga."

Akaita nesi, nesi akaja na sindano, na Mzee akageuza uso asiione, lakini mkono wangu hakuuachia. Simu ililia muda mrefu. Miaka miwili sikuwa nimeipiga namba hiyo.

"Nani amekufa?" Musyoka akauliza.

"Bado," nikasema. Ulimi ulikuwa umeshaanza kunenepa. Wateja wangu wawili walikuwa wamegeuka kunitazama. "Musyoka. Ni nyama. Ni nyama yangu mwenyewe, nimekula kwa bucha yangu. Ilikuwa nyama tangu ile Krismasi. Hakuna mtu aliniwekea kitu. Mwambie Mama Kioko."

Sindano ikaingia. Moyo ukaanza kupiga kama ngoma.

"Mwambie mwenyewe," Musyoka akasema. "Yuko hapa."

Nikasikia simu ikipita mkono hadi mkono, kuku wakilia nyuma yake, kiti kikivutwa. Mzee wa Josho alikuwa amevua kofia yake na kuinamisha sikio karibu na simu, kama mtu anayengoja kuitwa jina.

"Shemeji?" ile sauti ikasema.

Nikafungua mdomo, na kwa nafasi ndogo iliyobaki kooni, nikaanza.